Chokaa kwenye Ukuta wa Mzee Pastory

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimsaidia mama kuanika dagaa. Mama ndiye aliyewanunua kwa wavuvi. Kazi yangu ilikuwa kuwatandaza kwenye chanja na kufukuza kunguru. Hiyo kazi ya kunguru sikuipenda hata kidogo. Kunguru wa kwetu Ujiji hawana haya. Ukimtupia kokoto anaruka hatua mbili, anageuka, anakutazama kana kwamba wewe ndiye mwizi.

Naitwa Yuliana. Wakati mambo haya yanatokea nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la sita. Tunaishi Mtaa wa Michikichini, pembezoni mwa Ujiji. Zamani, anasema mama, huku kulikuwa na michikichi na nyani tu. Siku hizi kila ukiamka unakuta mtu amemwaga mchanga na mawe, anajenga. Watu wanapenda kukaa karibu na ziwa. Upepo ni mzuri, samaki wapo, na ukitaka kwenda mjini Kigoma bajaji hazikosekani barabarani.

Nyumba yetu iko juu, karibu na barabara. Chini yetu, kuelekea ziwani, kilianza kiwanja cha Mzee Pastory. Kiwanja kirefu hicho! Kilianzia ulipoishia ua wetu, kikateremka mpaka kwenye nyumba yake ya vyumba vitatu, na kuishia karibu na mchanga wa ufuoni. Nyumba ilikuwa tupu. Mzee Pastory alikuwa amehamia Simbo kulima, akamwachia dalali mmoja, Nasri, kazi ya kutafuta mnunuzi.

Shuleni niliketi dawati moja na Merina tangu darasa la tatu. Merina ana asili ya Kongo. Babu yake alivuka ziwa miaka mingi iliyopita. Baba yake, Heritier, ni fundi cherehani sokoni Ujiji, na kicheko chake unaweza kukisikia ukiwa vibanda vitatu kabla hujamfikia. Mimi na Merina tulikuwa chanda na pete. Mmoja akichelewa, mwalimu alimuuliza mwingine, "Mwenzako yuko wapi?"

Siku moja, mwishoni mwa mwezi wa tisa, Merina alinishika mkono wakati wa mapumziko.

"Mwenye nyumba wetu anataka vyumba vyake," alisema. "Baba anasema amechoka kupanga, safari hii tunanunua kwetu. Kesho kutwa anakwenda kuangalia sehemu mbili. Moja iko Simbo. Nyingine iko kwenu, ile nyumba ya chini."

"Ya Mzee Pastory?" Nilipiga kelele mpaka wenzetu wakageuka. "Merina! Tutakuwa majirani!"

"Tukinunua Simbo, nitahama shule," alisema polepole.

Furaha yangu yote ikanywea. Nikamwambia asijali, watanunua kwetu tu. Lakini jioni niliporudi nyumbani na kuteremka mpaka kwenye ile nyumba, nikaona jambo ambalo nilikuwa naliona kila siku bila kulitilia maanani. Ukutani, kuzunguka nyumba nzima, ndani na nje, kulikuwa na mstari wa rangi ya udongo. Ulinifika kiunoni.

Ile ilikuwa alama ya maji. Nilipokuwa darasa la pili, mvua zilinyesha kupita kiasi na ziwa likapanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja taratibu, leo hatua moja, kesho hatua mbili, mpaka likaingia kwa Mzee Pastory na kukaa humo miezi. Choo chake kilibomoka. Watu wa chini waliugua matumbo. Siku moja mamba alionekana akiota jua pale pale uani, na mke wa Mzee Pastory alipiga yowe ambalo mpaka leo watu wa mtaa wetu wanaliiga. Baadaye maji yakarudi nyuma, mchanga ukawa mpana tena, na mgeni akifika leo atadhani ziwa liko mbali.

Nilisimama pale nikiutazama ule mstari. Baba yake Merina akiuona, basi tena. Simbo hiyo.

Jumamosi mama alikwenda sokoni. Nikakumbuka ndoo ya chokaa iliyobaki tulipopaka nyumba yetu wakati wa Pasaka. Nikachukua brashi. Nilijiambia kwamba nasafisha tu, hakuna ubaya mtu kusafisha nyumba ya jirani. Nikapaka nje, nikapaka ndani, chumba hadi chumba, mpaka mabega yakaniuma. Nilipomaliza, ukuta ulikuwa mweupe pee. Ajabu ni kwamba kama nilikuwa nasafisha tu, kwa nini kila nilipomsikia mtu akipita barabarani nilijificha nyuma ya mlango?

Jumapili baada ya ibada wakaja: Merina, baba yake, mama yake akiwa amembeba mtoto Ignas mgongoni, na Nasri dalali mbele yao, viatu vinang'aa. Nasri alipouona ukuta alisimama kidogo. Akautazama, akanitazama mimi na madoa ya chokaa kwenye kucha zangu, kisha akanikonyeza. Jamani, sikuupenda ule ukonyezo. Ulikuwa ukonyezo wa mtu anayemkonyeza mwenzake wa kazi.

"Nyumba hii, fundi, ni lulu," alianza Nasri. "Upepo bure, samaki mlangoni. Hata hiki choo kipya, angalia, wapi utapata choo kama hiki?"

Baba yake Merina alicheka. Alipomaliza kuzunguka alinijia mimi, akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Dalali anasifia mpaka choo. Huyo simuulizi kitu. Marehemu baba yangu alinifundisha, ukitaka kununua nyumba, muulize mtoto wa jirani, kwa sababu yeye hana cha kuuza. Mwaka ule ziwa lilipopanda, liliingia nyumba nyingi. Je, hapa lilifika?"

Nilimtazama Merina. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, vidole ameviunganisha kama anayesali.

"Hapana," nikasema. "Halikufika."

"Na ile michikichi miwili iliyokauka pale chini? Siyo maji yaliyoiua?"

"Radi," nikajibu haraka. "Ilipigwa na radi."

Angalia sasa! Hakuna radi iliyowahi kupiga pale. Nilikuwa nimedhani uongo wangu ni mmoja tu, kumbe umekuja na mdogo wake.

Baba yake Merina akanishika kichwa. "Asante, mwanangu. Nyumba hii tutaichukua."

Merina aliruka juu. Tulikumbatiana, tukazunguka mpaka tukaanguka mchangani. Nilicheka pia, lakini kicheko changu kilikuwa kinatoka mdomoni tu.

Wiki hiyo haikuwa na raha. Nilijaribu kumchokonoa mama wakati tunageuza dagaa.

"Mama, hao wanaonunua kwa Mzee Pastory, wanajua habari za maji?"

"Nani asiyejua? Mji mzima uliona," alijibu mama. "Na dalali atakuwa amewaambia. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu. Wewe hutawaambia?"

"Wakiniuliza nitasema. Lakini siwezi kutoka kwangu kwenda kumharibia mzee wa watu biashara yake. Fukuza huyo kunguru!"

Alhamisi Merina akaja na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na gauni la kitenge, maua ya njano na bluu, mikono imekunjwa vizuri, kola nyeupe. Lilikuwa zuri, jamani. Sijawahi kuwa na gauni zuri kiasi hicho.

"Baba amekushonea," alisema Merina. "Anasema ni zawadi ya mtoto msema kweli. Vaa Jumamosi, siku ya kuandikishana."

Nililikunja upesi nikalirudisha kwenye kifurushi. Merina hakuona, alikuwa ameshachukua kijiti, anachora vyumba vya nyumba yao kwenye mchanga. "Hapa baba na mama. Hapa cherehani. Na hapa, chumba cha chini kabisa, mimi na Ignas. Usiku tutakuwa tunasikia mawimbi! Unajua Ignas ameanza kutambaa? Anatambaa kama mjusi, ukigeuka tu hayupo."

 Chumba cha chini kabisa ndimo maji yalimoingia kwanza. Nje ya dirisha lile ndipo mamba alipolala. Nikamwona Ignas, mikono yake minene na makalio yake ya duara, anatambaa kutoka mlangoni. Nilitaka kusema. Badala yake nikamsaidia kuchora dirisha. Merina aliaga akaenda zake akiimba.

Jumamosi ikafika. Kwetu nyumba haiuzwi kimya kimya. Mwenyekiti wa mtaa huwaita majirani wote wanaopakana na kiwanja, wanautembea mpaka mzima kwa miguu, kila mmoja anasema, "Langu linaishia hapa," kisha wanarudi mezani kuandika. Safari hii meza iliwekwa pale pale uani kwa Mzee Pastory. Mwenyekiti wetu ni Mama Eufrasia, mama mfupi mwenye sauti ndefu. Mzee Pastory alikuwa amekuja kutoka Simbo. Tangu auache mji alikuwa hajaiona nyumba, na alipoziona kuta alimpongeza Nasri kwa kuzisafisha. Nasri alipokea pongezi bila kupepesa macho.

Mimi na Merina tulikaa pembeni kwenye mkeka. Nilikuwa nimevaa lile gauni. Lilinibana shingoni, ingawa baba yake Merina alikuwa amepima vizuri kabisa.

"Majirani mmeridhika na mipaka?" aliuliza Mama Eufrasia.

"Tumeridhika," walijibu, mama yangu akiwa mmojawapo.

"Mnunuzi je?"

Baba yake Merina akasimama. "Mimi nimeridhika, Mwenyekiti. Nimeuza cherehani yangu kubwa ili nifike hapa leo. Na sikumtegemea dalali. Nimeridhika kwa sababu ya mtoto yule pale, Yuliana. Nilimuuliza kama maji ya ziwa yalifika hapa, akaniambia hayakufika. Mama Yuliana, umelea vizuri."

Mama aligeuka akanitazama. Sikuwahi kumwona mama akinitazama namna ile. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na sauti asiyoifahamu.

"Kuna mwenye neno kabla hajaweka sahihi?" aliuliza Mwenyekiti.

Majirani walitazama chini, na Mzee Pastory alikuwa amesogea pembeni na Nasri wakikubaliana ada ya udalali, maneno yale ya maji hayakumfikia. Baba yake Merina akachukua kalamu. Ignas alikuwa ameteremka mapajani mwa mama yake, anatambaa kuelekea mlango wa chumba cha chini.

"Baba Merina, usisaini!"

Nilisema mimi. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi.

"Nilikudanganya," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka. "Maji yalifika. Alama yake inanifika hapa kiunoni. Na siyo radi, ni maji yaliyoiua ile michikichi. Na chokaa nilipaka mimi. Nilitaka Merina asihame."

 Mama aliinuka, akauendea ukuta wa chumba cha chini, akachovya upindo wa kanga yake kwenye ndoo ya maji, akasugua. Chokaa ikatoka kama unga. Mstari wa udongo ukatokea.

"Ala!" Mzee Pastory alimgeukia dalali. "Nasri! Si nilikwambia uwaambie watu habari ya maji? Si nilisema anayetaka anunue akijua?"

"Mzee, mimi... nilikuwa nangoja nafasi nzuri," alisema Nasri.

"Nafasi gani tena? Mpaka nani azame?"

Nasri akatazama viatu vyake vinavyong'aa. Baadaye kidogo alisema anakwenda kupokea simu, ingawa sisi hatukusikia simu yoyote ikilia, na hakurudi.

Baba yake Merina aliweka kalamu mezani polepole. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimwokota Ignas mlangoni, akasema, "Twendeni nyumbani," wakaondoka. Merina hakugeuka nyuma.

Mama naye hakunichapa. Alisema tu, "Mimi pia nina kosa. Nilijua nikanyamaza, nikaita heshima. Lakini wewe, Yuliana, uliulizwa."  Nililivua lile gauni, nikalifua, nikalipiga pasi, na kesho yake nikalirudisha sokoni mwenyewe. Baba yake Merina alilipokea.

"Sikurudishii," alisema. "Nililishona kwa ajili ya jambo ambalo halikuwepo."

"Najua, baba. Naomba unisamehe."

"Nimekusikia," alisema, akaendelea kushona.

Shuleni Merina alihamia dawati la Diana. Siku tatu nilikaa peke yangu. Mwalimu akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nikanyoosha kidole kwenye dawati la Diana.

Siku ya nne, Alhamisi, nilikuwa na kunguru wangu nilipomwona baba yake Merina anakuja na Mzee Pastory na Mama Eufrasia. Nikataka kukimbilia ndani.

"Wewe, njoo hapa," Mama Eufrasia aliniita. "Leo tuna kazi na wewe."

Baba yake Merina akanieleza. Simbo alikuwa amekwenda, akaona pazuri, lakini ni mbali mno na soko na wateja wake. Na jambo moja lilikuwa limemkaa kichwani: kiwanja cha Mzee Pastory ni kirefu. Nyumba ndiyo iliyojengwa pabaya, chini kabisa. Huku juu, jirani na ua wetu, palikuwa patupu.

"Mzee amekubali kunipunguzia, kwa kuwa nyumba itabidi niibomoe," alisema. "Lakini sitaki kukisia. Nataka mtu anionyeshe maji yalifika wapi hasa. Mama Eufrasia anakumbuka upande mmoja, mama yako anakumbuka mwingine. Wewe ulikuwa unacheza hapa kila siku. Safari hii nikikuuliza, utanijibu nini?"

"Nitakuonyesha," nikasema.

Nikaanza kutembea. Nilikumbuka jiwe ambalo tulilikalia tukichovya miguu. Nilikumbuka mpera uliofungiwa mtumbwi. Kila mahali nilipokuwa na hakika niliweka jiwe. Mahali nilipokuwa sina hakika nilisema, "Hapa sikumbuki," na mama akaitwa kusaidia. Kuna sehemu moja tulibishana, mimi na Mzee Pastory, na mwisho akakubali kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Baba yake Merina akatufuata nyuma na kupigilia vigingi.

Tulipomaliza alipanda hatua thelathini nzuri juu ya vigingi, akakanyaga ardhi kwa kisigino.

"Hapa," alisema. "Na pale chini tutalima mchicha na matembele. Ziwa likitaka mchicha, na liule."

Akacheka kile kicheko chake cha vibanda vitatu. Nilikuwa sijakisikia siku tano, na nilipokisikia nikalia.

Wiki iliyofuata waliandikishana. Walibomoa nyumba ya chini, wakapandisha matofali, mbao na bati. Mimi nilibeba matofali kila nilipotoka shule, mawili mawili kichwani. Siku ya kwanza Merina alipita karibu yangu bila kusema kitu. Siku ya pili akaniambia, "Umeyaweka vibaya kichwani, yataanguka." Siku ya tatu alinivisha kata yake, ile pete ya kitambaa ya kubebea mzigo kichwani. Tulirudi dawati moja, ingawa sikuombwa na sikuomba. Nilifika tu asubuhi nikakuta mfuko wake uko pale.

Walihamia kabla ya Krismasi. Mvua zikaja, zikanyesha, zikazidi. Kufika mwezi wa nne ziwa lilikuwa limepanda tena. Halikupanda kama mwaka ule, lakini Jumapili moja mchana tulikaa kibarazani kwa kina Merina, wao na sisi, tukila ugali na mgebuka, samaki wa ziwa letu, na kutoka pale tuliona mawimbi yakipiga juu ya msingi wa nyumba ya zamani. Yaliingia pale palipokuwa na chumba cha chini, yakazunguka, yakatoka. Mchicha wote ulikuwa umekwenda.

Baba yake Merina alikuwa amempakata Ignas. Aliacha kula, akayatazama yale mawimbi. Kisha akaniita nikae karibu naye.

"Yuliana, nikuambie kitu mbele ya mama yako," alisema. "Siku ile ulinitia hasira sana, nisikufiche. Nilifika nyumbani nikasema huyu mtoto hatakanyaga kwangu. Lakini nikajiuliza: ni nani aliyeniambia nisisaini? Watu wazima tulikuwa wengi pale. Wewe ulijua kwamba ukisema utaaibika, na rafiki utampoteza, ukasema. Usidhani nakusifu kwa kusema uongo kisha ukautengua. Uongo ulikuwa mbaya, ungeweza kumuua huyu." Akampapasa Ignas kichwani. "Nataka tu ujue, wewe na Merina wote wawili. Ukweli ukiulizwa, sema siku hiyo hiyo, hata kama unampenda unayemwambia. Hasa kama unampenda. Na ukishindwa siku hiyo, basi usiache siku ya mwisho ipite."

"Ndiyo, baba," nikasema.

"Nimesikia," alisema Merina. "Lakini baba, chakula kinapoa."

Wote wakacheka. Mama yake Merina akaniongezea kipande cha mgebuka, na Ignas akaponyoka mapajani mwa baba yake, akaanza kukimbia kibarazani kwa miguu yake mifupi, huku na huku, miguu mikavu kabisa.